Dada Zetu wa Mwisho wa Reli

Ukimwambia mtu kwamba unakwenda Katavi, jambo la kwanza atakalokuuliza ni viboko. Ni kweli wapo. Ukitoka Mpanda mjini kwa barabara ya Sumbawanga, mwendo wa kilomita 35 hivi, unafika Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Pale kwenye mto Katuma, wakati wa kiangazi maji yanapopungua, viboko hulaliana matopeni makundi kwa makundi. Nami niliwaona, ila siku ya mwisho, na kwa nusu saa tu. Siku nyingine zote nilikuwa mjini na shambani, na niliyoyaona huko ndiyo ninayotaka kuwasimulia akina mama wenzangu, ingawa najua wapo watakaogeuza ukurasa.

Nilikwenda kwa sababu ya mpunga. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mkunga mstaafu aliyeishi Mpanda miaka mingi. Ana shamba lake upande wa Kakese, na msimu wa mavuno ulipoanza alikuwa ameteguka mguu. Mume wangu ni dereva wa lori la nafaka na hupita Mpanda mara kwa mara, lakini ukimpa mundu atakuuliza unashikwa upande gani. Basi nikafunga mzigo mimi.

Mara ya kwanza nilifika Mpanda nikiwa bibi harusi mpya, kwa treni. Wakati ule barabara ya Tabora ilikuwa mchanga mtupu, na masika haikupitika. Kutoka Kaliua njia ya reli hukata kusini, huvuka mto Ugalla katikati ya msitu wa miombo wenye mbung'o wasio na huruma, kisha huishia Mpanda. Huishia kabisa, mbele ya stesheni hakuna reli tena. Safari hii nilipanda basi Tabora asubuhi, tukapita Sikonge na Ipole, tukavuka Koga, lami tupu, na jua halijapoa nilikuwa barazani kwa wifi nakunywa chai.

Reli ile haikujengwa kwa ajili ya bibi harusi. Ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, yale yanayotumika hata leo katika betri za magari. Miaka kumi hivi baadaye mgodi ukafungwa, lakini mji ulikuwa umekwisha kuzaliwa. Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walipewa makazi Katumba, na mwaka 1978 wengine Mishamo. Ikaja tumbaku na vyama vyake vya ushirika. Wakaja wafugaji na ng'ombe wao. Wachimbaji wadogo wakachimbua dhahabu Ibindi, Dirifu na kwingineko. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, ikajitenga na Rukwa, ndipo wakaja maofisa, makandarasi na mafundi wa majengo. Tangu siku ya kwanza, basi, Mpanda umekuwa mji wa wanaume wanaopata fedha mbali na nyumbani kwao. Na palipo na wanaume wa namna hiyo hufika mwanamke wa kuwapikia, wa kuwafulia, wa kuwauzia mitumba, na hufika pia yule tusiyependa kumtaja mezani. Zamani tulimwita malaya, katika miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam wakaanza kumwita changudoa, na siku hizi nasikia dada poa. Mimi nitamwita dada tu, kama wifi yangu anavyomwita.

Usiku wa kwanza sikulala vizuri. Simu ya wifi, ile ndogo ya vibonyezo, ilikuwa chini ya mto wake, na kila nilipotaka kusinzia iliita mara moja ikanyamaza. Yeye hakuipokea. Aliinua kichwa, akatazama jina, akalala tena. Iliita hivyo mara tano mpaka karibu na alfajiri. Asubuhi nilimuuliza kwa utani kama amepata mchumba uzeeni.

"Hao ni wanangu," akasema. "Wananibipu kuniambia wamefika nyumbani salama."

Wifi yangu hakuzaa watoto watano. Alizaa wawili, nao wako Mbeya. Nilipomkazia macho ndipo akanieleza.

Sitataja mtaa wala jina la mtu. Mtaa huo una gesti kadhaa, grosari mbili zenye muziki, na kituo cha bodaboda. Wanawake wanaofanya kazi hiyo ya usiku hapo ni wengi, lakini watano wamejiunga na utaratibu wa wifi yangu, au tuseme yeye ndiye aliyejiunga na wao. Alianza kwa kumzalisha mmoja wao usiku wa mvua kabla hajastaafu. Yule dada akaleta mwenzake aliyekuwa na uchungu wa tumbo usiokwisha, na mwenzake akaleta mwingine. Sasa kila usiku anayetoka humwachia wifi habari mbili: anaelekea gesti gani, na bodaboda wa nani amempeleka. Akirudi anabipu mara moja. Akibipu mara mbili mfululizo, maana yake ni njoo, au tuma mtu. Kubipu hakuna gharama, na hata mtu aliyekaa karibu hawezi kujua ni ishara.

Siku ya tatu, wakati wa saa nne asubuhi, walikuja watatu barazani kusaidia kupepeta mpunga. Walivaa vitenge na kandambili kama mimi. Mmoja alikuja na mtoto wa kike wa miaka mitatu aliyemkimbilia wifi akimwita bibi. "Shikamoo Mama," wakaniamkia, nami nikaitikia marahaba, na kwa kweli nilisikia haya kuitikia, kwa sababu njiani nzima nilikuwa nimewawazia watu wa namna nyingine. Tulipepeta kwa saa zima tukizungumza bei ya mpunga. Mkono ulipozoea ungo na mdomo ukalegea, wakanisimulia kazi yao kama mama lishe anavyosimulia mkaa na unga.

Fedha huja kwanza, na huja kwa simu ikiwezekana. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya wizi, na kweli ni hivyo: mwanamke asiye na noti mwilini haporwi noti. Lakini yule mkubwa wao, mama wa miaka kama 40, alinifumbua macho. Mtu akikutumia fedha kwa simu, jina lake linakuja katika ujumbe. Anayekataa katakata kutuma kwa simu, na anataka kwenda mahali pa mbali, na anakutaka usimwambie mtu, huyo hawamfuati hata akiahidi mara tatu ya bei. "Mwenye mke anaficha jina, hilo tunalielewa," alisema. "Lakini mwenye mke hakatai gesti yenye mhudumu."

Mhudumu wa gesti ndiye mlinzi wao wa kwanza. Wanampa kitu kidogo kila wiki, naye hugonga mlango muda ukipita. Wanapenda chumba kilicho karibu na mapokezi, ambacho mlango wake una komeo la ndani tu. Soda au bia inafunguliwa mbele ya macho, na ukienda msalani unaporudi huinywi tena. Wao wenyewe hujitahidi kutolewa. "Aliyelewa hana kanuni," alisema mdogo wao, kisha akacheka, kwa sababu wakati mwingine, alisema, bila kikombe cha kwanza miguu inakataa kutoka nyumbani.

Mpira, yaani kondomu, kila mmoja hubeba wa kwake, kwa sababu wa mteja unaweza kuwa umekaa juani kwenye dashibodi ya lori. (Nilipolisikia neno lori nilitazama ungo wangu.) Wapo wanaume wanaoongeza bei ili mpira usitumike, na hapo ndipo penye jaribu lenyewe. Mwisho wa mwezi kodi ikidaiwa, au mtoto akirudishwa shule kwa kukosa mchango, ile nyongeza huwa na sauti kubwa. Kwa hiyo wana mfuko wao, kikoba kidogo cha kila Jumatatu, na sehemu yake haikopeshwi kwa biashara wala kwa sherehe. Ni ya kodi, dawa na shule tu. Dada huyo mkubwa alisema mfuko ule umezuia maradhi mengi kuliko mabango yote aliyowahi kuyaona. Nilimwamini. Mwenye njaa hawezi kukataa, na wao walikuwa wameona kwamba kinga yao inaanzia kwenye kisanduku cha fedha.

Na watoto? Hili niliuliza mimi kama mama. Zamani walikuwa wakiwafungia ndani na kibatari. Sasa watoto wanne hulala chumba kimoja, na bibi mmoja jirani hulipwa kulala nao. Wameambiwa mama anafanya kazi ya usiku baa. Mkubwa wao ana miaka kumi na moja na ameanza kunyamaza mama yake anapojipaka mafuta jioni. Mama huyo aliposema hivyo hakuna aliyemjibu, tukapepeta.

Nilipokuwa nikiwasikiliza nilimkumbuka Rahabu wa Yeriko. Katika mafundisho yetu husifiwa kwa imani, na ni haki yake. Lakini soma tena sura ile ya pili ya Yoshua kwa macho ya mwanamke anayekaa ukutani mwa mji, ambaye wageni huingia kwake usiku na askari wa mfalme hufuata nyuma. Anajua wa kumficha na mahali pa kumficha, anajua njia ya kumtolea nje, anadai kiapo kabla hajafungua dirisha, na anapatana kwa ajili ya baba, mama na ndugu zake. Kisha anafunga kamba nyekundu dirishani iwe ishara. Simu ya wifi yangu chini ya mto sikuiona tena kuwa jambo geni.

Jumamosi wifi alinituma machimboni kupeleka mchele kwa mteja wake mmoja, mama mwenye banda la chakula. Sijawahi kuona mahali penye vumbi na kelele kama pale. Makarasha yanasaga mawe toka asubuhi, maduara yamechimbwa mpaka mlangoni mwa vibanda, na watu wote wanazungumza habari moja: duara la nani limetema. Likitema, nyama na bia hupanda bei siku hiyohiyo. Lisipotema miezi miwili, hata wauza vocha huhama.

Huko utaratibu wa mjini haupo. Hakuna gesti yenye mhudumu, hakuna taa, na mtandao wa simu huja na kuondoka. Njia ya mwanamke kujilinda ni kupata mwanamume mmoja. Atampikia, atamfulia, atalala kwake, naye atamlinda na wengine na kumpa sehemu ya dhahabu. Wanaitana mume na mke, na wengine huishi hivyo miaka. Watafiti Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Hannelore Verbrugge, walioandika mwaka 2013 juu ya makazi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Tanzania, waliona jambo hilohilo: mengi ya mahusiano ya huko si ununuzi wa usiku mmoja, ni aina ya ubia ambao sisi wa nje tunaubandika jina la ukahaba kwa haraka mno. Mama wa banda alinichekea nilipomuuliza kama yeye ni mke wa mtu. "Nina mume wa hapa," alisema. "Mume wa ndoa yuko Kahama, na ana mke wa huko."

Lakini ubia huo una shimo lake. Wale dada wa mjini walikuwa wameniambia, na mama wa banda akakubali bila kuulizwa mara mbili: kwa mgeni mpira hutumika, kwa "mume" hautumiki. Kumtajia mume mpira ni kumwambia simwamini. Ndivyo mmoja wa wale waliokuja kupepeta alivyopata virusi vya UKIMWI. Hakuvipata kwa mpita njia hata mmoja, maana miaka sita alikuwa mwangalifu kuliko wote. Alivipata kwa mwanamume aliyempenda, aliyemnunulia kitanda, na ambaye alimwuguza malaria. Sasa anameza dawa kila jioni wakati wa taarifa ya habari, afya yake ni njema, na kipimo cha mwisho kilionyesha virusi havionekani katika damu. Dawa hizo hutolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Taifa letu limekwenda mbali na siku zile tulipokuwa tukizika kila wiki, na katika uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 kiwango cha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi kilikuwa asilimia 4.4. Hata hivyo dada yule hakulia kwa ajili ya virusi. Alilia aliposema habari za kitanda.

Jambo jingine la machimboni lazima niliseme, maana sisi ni mama wa mabinti. Niliona watoto wa kike kule, wa umri wa darasa la saba, wakichota maji na kuosha vyombo mabandani, na niliona macho ya wanaume juu yao. Hao tusiwaite dada poa. Mtu wa chini ya miaka 18 hafanyi kazi hiyo, anafanyiwa ubakaji, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inasema hivyo. Uchunguzi wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Katavi, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wale watano wa wifi wana kanuni moja isiyo na msamaha: mtoto akionekana kwenye grosari usiku, wanamleta kwa Mama. Msimu ule walikuwa wameleta wawili. Mmoja alikuwa ametoroka kazi za ndani katika nyumba ya mtu wa heshima.

Sasa nije kwenye usiku wa Jumanne.

Fedha za mpunga zilikuwa zimeingia mjini, na wote watano walikuwa wametoka. Kufikia saa tisa simu ilikuwa imeita mara nne. Wifi hakulala tena. Saa kumi aliketi kitandani, saa kumi na nusu akampigia kijana wa bodaboda. Kijana akasema alimfikisha gestini salama, lakini walipotoka yule dada alipanda gari la mteja. Kwa nini? Hakujua. Simu ya dada ilikuwa imezimwa. Wifi akachukua khanga na fimbo ya kutembelea, nami nikamfuata. Tulikwenda gesti kwa gesti tukiamsha wahudumu. Sijui kama umewahi, ewe mke wa mtu, kusimama mapokezi ya gesti saa kumi na moja ya alfajiri ukiulizia mwanamke. Wanaume wawili walitupita wakitoka, mmoja nilimfahamu kwa sura kutoka ibada ya Jumapili. Aliinamisha uso. Nami niliinamisha wangu.

Tulimkuta kulipopambazuka, akija kwa miguu kwenye barabara ya vumbi, kiatu kimoja mkononi. Mteja alikuwa mtu aliyemfahamu, amekuja kwake mara nne au tano, mpole, mlipaji. Ndiyo maana alipanda gari. Porini walikuwa wanamngoja wenzake wawili.

Sitaeleza zaidi. Nitaeleza alichofanya wifi yangu, kwa kuwa kila mama anapaswa kukijua, iwe kwa dada kama huyu au kwa binti yake mwenyewe. Hakumruhusu aoge. Alimfunika khanga, akampa maji ya kunywa, akampeleka hospitali kwanza na polisi baadaye. Zipo dawa za dharura za kuzuia virusi vya UKIMWI ambazo ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha humezwa kwa siku 28. Zipo pia dawa za kuzuia mimba na maradhi mengine ya zinaa. Muuguzi aliyetupokea hakuuliza kazi yake ni nini. Mungu ambariki.

Polisi ndiko kulikokuwa na hofu. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya kahaba anayejitafutia wateja hadharani kuwa mhalifu, na kila dada anakifahamu hata kama hajui kusoma. Anayembaka anakifahamu pia. Ndiyo salama yake. Kwenye kituo tulichokwenda, askari wa kwanza alitazama nguo za yule dada, akauliza saa nane za usiku alikuwa akitafuta nini porini. Dada akageuka kutaka kuondoka. Wifi akaketi kwenye benchi, akanyoosha mguu wake mbovu katikati ya mlango, akasema hatoki mpaka aitwe askari wa dawati la jinsia. Alikuwa amevaa kitenge cha umoja wa akina mama wa kanisa, na nilielewa kwa nini alikivaa. Tulikaa saa mbili. Alikuja askari wa kike, akatupeleka chumba cha pembeni, akaandika yote, akatoa fomu ya PF3. Hadi ninaondoka Mpanda mmoja kati ya watatu alikuwa amekamatwa, kwa sababu jina lake lilikuwa katika simu, katika ujumbe wa malipo ya siku za nyuma.

Siku zilizofuata nilitaka kujua kama mambo haya ya kujikinga kwa pamoja yanasaidia kweli au ni faraja tu. Mkoani Iringa ulifanyika mradi ulioitwa Shikamana, ambapo wataalamu wa hapa nchini na wa Marekani waliwafuata karibu wanawake 500 wa kazi hii. Katika jamii ambako wanawake walipata mahali pao pa kukutania, waelimishaji kutoka miongoni mwao na uongozi wao wenyewe, maambukizi mapya katika miezi 18 yalikuwa karibu nusu ya kwingineko, asilimia 5.0 dhidi ya 10.4. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Tangu hapo imekuja dawa kinga, ambayo mtu asiye na virusi humeza ili asiambukizwe, na wawili wa dada zetu waliitumia. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ruhusa iliyotolewa baadaye kwa dawa kinga iliyolipiwa na fedha hizo iliwataja wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mmoja wao aliniambia mzaha mchungu: ili aendelee kujikinga ilibidi kwanza azae.

Ni huyohuyo aliyeniuliza swali. Ilikuwa siku moja kabla sijaondoka, tunashona midomo ya magunia. Nilikuwa nimewauliza mambo mengi mno, nadhani alichoka.

"Na wewe Mama, samahani," akasema, "wewe unajikingaje?"

Nikasema mimi nimeolewa.

"Ndiyo," akasema kwa heshima zote, "ndiyo maana nakuuliza."

Sindano ya gunia ilinichoma kidole. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwuliza mume wangu analala wapi akiwa Mpanda. Hulala kwa dada yake, hivyo ndivyo nilivyojua. Nilimtazama wifi. Alikuwa akikata uzi kwa meno, hakuinua macho. Dada hawezi kumsema kaka yake, na mimi sikumlazimisha.

Nilirudi Tabora na magunia matatu. Nilikaa wiki mbili bila kusema kitu, nikipika na kupakua. Niliandaa maneno na kuyaacha, nikaandaa mengine. Wale dada wana kanuni, wana ishara, wana mtu wa kumwambia. Mimi nilikuwa na kitanda kizuri na kunyamaza. Usiku mmoja nikamwambia mume wangu nataka twende kupima, wote wawili. Alikasirika, akauliza nani kanitia maneno. Nikasema nimetiwa na watu wanaojua hatari kuliko mimi. Alikaa kimya siku tatu, ya nne akaniuliza kituo kinafunguliwa saa ngapi. Tulikwenda. Majibu yetu ni yetu, hayo hamtayasoma hapa. Lakini tulipokuwa benchini tunangoja kuitwa, alizungumza, kwa mara ya kwanza, juu ya gesti na barabara na upweke wa usukani, na mengine ambayo kuyasikia kuliniuma, na mengine ambayo nilikwisha kuyajua bila kuambiwa.

Mwezi wa tisa wifi aliitwa Mbeya kwa mjukuu aliyezaliwa. Akanipigia, akanisomea namba tano na namba ya kijana wa bodaboda, nikaziandika nyuma ya kalenda. Usiku ule, saa nane na dakika chache, simu yangu iliita mara moja ikanyamaza. Mume wangu akaamka akauliza ni nani.

Nikamwambia. Akauliza wamebaki wangapi.

"Wanne," nikasema, akavuta shuka, na hatukulala mpaka waliporudi wote.